Karatasi Isiyopenda Joto

Kazi yangu ni kuwaambia watu watulie, na mimi mwenyewe kutulia sijui. Nilipokuwa mdogo kule Mgololo, mama alikuwa akinifunga khanga kiunoni kanisani na kuishika ncha yake mkononi, maana bila hivyo ningetoka nje mara tatu kabla mahubiri hayajaisha. Sasa mimi ni mtu mzima, nafanya kazi katika hospitali moja hapa Mbeya, nina chumba chenye kitanda kimoja, pazia moja na mashine moja ya kupima moyo, na kutwa nzima nasema maneno yale yale: tulia, usitikisike, usiongee, pumua kama kawaida. Huku mguu wangu chini ya meza unacheza kama wa fundi cherehani.

Watu hudhani mashine ndiyo inayofanya kazi. Mashine inachora tu. Kazi ni kumfanya mtu alale kitandani na mwili wake wote ulale. Jaribu hilo Mbeya mwezi wa saba. Mama wa watu anaingia na sweta mbili, koti la marehemu mumewe, vitenge vitatu na kofia ya sufu, na mimi ninataka kifua wazi, mikono wazi na vifundo vya miguu. Akimaliza kuvua anatetemeka. Nikimpaka ile jeli ya baridi anaruka. Ndiyo maana chupa yangu ya jeli huiweka ndani ya sweta, tumboni, ipate joto langu kwanza. Wenzangu hunicheka kwamba nina mimba ya plastiki. Wacheke. Misuli ikitetemeka, mashine haijui kama ni baridi au ni hofu au ni degedege. Inachora milima na mabonde, na daktari asiye makini anaweza kusema moyo umeharibika kumbe mtu alihitaji blanketi.

Halafu kuna karatasi. Ina rangi ya waridi na miraba midogo, na haitumii wino. Mashine ina kichwa chenye moto kidogo kinachoipitia na kuiunguza, na huko kuungua ndiko maandishi yenyewe. Ukiiacha juani inafifia, ukiiweka karibu na moto inakuwa nyeusi. Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi maisha yake yote. Nyumbani tulikula, tukalala na kuota katika harufu ya karatasi. Akiokota gazeti alikuwa analisugua kwanza kwa kidole gumba, ndipo anasoma. Kwa hiyo mtu yeyote angeweza kukosea juu ya karatasi, lakini mimi sikuwa na kisingizio.

Binti mmoja aliletwa siku ya Jumanne. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mwembamba, mkimya, amevaa raba ambazo zilionekana ni za kaka yake. Baba yake alikuwa mfugaji wa bonde la Usangu, wa familia zile zilizoshuka na ng'ombe kutoka Usukumani zamani, na alinyoosha mgongo alipoingia chumbani kama mtu anayeingia mahakamani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu, akabaki amesimama.

Faili la binti lilisema kifafa. Lilisema hivyo kwa miaka minne, kwa miandiko ya watu mbalimbali, na dawa zilikuwa zile zile zikiongezwa kidogo kidogo. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili kwa sababu aliangukia darasani mara mbili na wasichana wenzake wakakataa kukaa naye dawati moja. Kipimo cha moyo aliandikiwa na daktari mmoja wa zamu ambaye nadhani alitaka tu kuondoa shaka.

Mimi huwa nauliza maswali ambayo si yangu. Nimeonywa mara nyingi kwamba mpimaji anapima, haulizi. Lakini nikiwa napanga nyaya siwezi kukaa kimya, basi nikamuuliza yule mzee, "Huwa anaanguka saa ngapi, baba? Akiwa amekaa, akiwa amelala?"

"Haanguki akikaa, mwanangu. Akilala haanguki. Anaanguka akikimbiza ng'ombe. Au akishtuka. Mwaka jana simba alisikika ng'ambo ya mto, akaanguka pale pale, na simba mwenyewe hakuja."

Mikono yangu ikasimama. Si kawaida yake kusimama. Kifafa hakichagui namna hiyo, hakisubiri mtu akimbie. Nikambandika vile vikombe sita vya mashine, vinavyonyonya ngozi, kifuani, nikambana vibanio mikononi na miguuni, nikamwambia tulia, usitikisike. Mistari ikatoka mizuri kabisa, vilima vidogo vinavyofuatana kama mitungi kwenye rafu. Hakuna kitu. Nikaona aibu kidogo kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kujiona daktari.

Nilikuwa nanyoosha mkono kuzima mashine pale mtu alipoangusha trei la vyombo vya chuma kwenye korido. Kishindo kilikuwa kikubwa, hata mimi niliruka. Binti alifumbua macho. Na kwenye karatasi, ambayo ilikuwa bado inatembea, vile vilima vikavurugika. Kikaja kimoja kipana kinachotazama juu, kikafuata kipana kinachotazama chini, juu, chini, juu, chini, kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu aliye hai. Nilikuwa nimeiona kitabuni tu, chuoni, kwenye ukurasa ambao mwalimu alisema huenda tusikutane nao maishani. Binti akageuza macho, akalegea. Nikapiga kelele kumwita muuguzi. Nilihesabu baadaye kwenye miraba: sekunde kumi na nne. Kisha moyo ukajirudi wenyewe, kama mtoto aliyetoroka na kurudi mezani kabla hajagombezwa.

"Nimeanguka?" akaniuliza.

"Umeanguka ukiwa umelala," nikamwambia, na nikacheka kwa woga.

Daktari wa zamu alikuja mbio, akaitazama karatasi, akajikuna kichwa. Akasema inaweza kuwa moyo. Akasema pia inaweza kuwa degedege limetikisa misuli, mashine ikachora mtikisiko. Hakuwa na hakika na hakujitia ana hakika, na kwa hilo nilimheshimu. Bingwa wa moyo alikuwa anakuja Alhamisi. Huwa anakuja kwetu kila baada ya miezi kadhaa, anakaa siku mbili, kisha anaelekea Iringa. Binti akalazwa wodi ya wanawake amsubiri. "Hiyo karatasi isipotee," daktari aliniambia, akaitwa chumba cha upasuaji, akaondoka.

Sasa hapa nitasema ukweli wangu. Ningeweza kwenda masijala kuitoa nakala. Masijala ni mwendo wa dakika tano na foleni ya nusu saa, na foleni ni ugonjwa wangu. Ningeweza kuipiga picha kwa simu, lakini tulikuwa tumepigwa marufuku baada ya picha za mgonjwa mmoja kuzagaa mitandaoni. Ningeweza kuibandika kwenye faili na kuwaachia wauguzi. Lakini mafaili ya wodini nayajua. Karatasi zangu zimeshapotea humo si mara moja, na mimi nikishaacha kumwamini mtu huwa naacha moja kwa moja. Mashine yangu ni ya zamani, haihifadhi chochote, ikishachora, imesahau. Basi nikajiona mjanja. Nikampa yule mzee ile karatasi mkononi.

"Baba," nikamwambia, "hii ndiyo ugonjwa wa mtoto wako. Kila kitu kimo humu. Usimpe mtu yeyote mpaka bingwa aje Alhamisi. Itunze kama cheti cha shule."

"Kama cheti?"

"Kama cheti kabisa."

Akaikunja taratibu kwa kufuata mikunjo yake, akaitia ndani ya koti upande wa kushoto, akanipa mkono. Nilirudi nyumbani Ilomba siku ile nikitembea kwa miguu, nisingeweza kukaa kwenye kiti. Miaka minne watu wanamwita yule binti wa kifafa, na mimi nimeukamata ugonjwa wake wenyewe kwa mkono wangu. Nilijisifu, sikatai.

Alhamisi asubuhi nilimkuta mzee mlangoni kwangu kabla sijafungua. Alikuwa amenyoa ndevu. Akanisalimu kwa furaha, akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cheupe. Alikifungua kitambaa taratibu. Ndani kulikuwa na plastiki ngumu, ndefu, inayong'aa, yenye pembe zilizokatwa mviringo vizuri, na ndani ya plastiki kulikuwa na weusi.

"Nimeipiga lamineshen, mwanangu," akasema. "Hata mvua ikinyesha haiingii."

Jamani. Sisi ni watu wa lamineshen. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, kadi ya kliniki ya mtoto, hata risiti ya kiwanja, vyote tunavipeleka steshenari vikaingizwe kwenye ile mashine yenye moto vitoke na koti la plastiki. Kitu kikishapigwa lamineshen ndipo kinakuwa kweli. Na nje ya geti letu kuna steshenari, na yule mzee alikuwa na siku nzima ya Jumatano hana la kufanya zaidi ya kukitunza cheti nilichompa.

"Yule dada wa steshenari aliniambia, mzee, mbona imekuwa nyeusi," akaendelea, sasa taratibu zaidi, maana alikuwa ameanza kuusoma uso wangu. "Nikamwambia karatasi za hospitali ndivyo zilivyo. Sisi hatuzielewi, wenyewe wanazielewa."

Nilimfokea. Mbele ya wagonjwa waliopanga foleni kwenye benchi, mimi mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yake, nilimfokea. "Nani alikwambia uipeleke kwenye moto? Nani? Kitu cha hospitali unakipelekaje steshenari bila kuuliza?"

Hakunijibu kwa hasira. Alikikunja kile kitambaa cheupe mara mbili, akasema, "Na cheti cha mwanangu wa kwanza nilikipiga hivyo hivyo. Kipo mpaka leo."

Nani alikwambia? Mimi ndiye niliyemwambia. Nilikuwa nimemweleza kila kitu isipokuwa jambo moja dogo ambalo mtoto wa fundi wa karatasi alilijua tangu anazaliwa. Nikamwomba radhi pale pale mbele ya benchi, kwa sauti ile ile niliyomfokea nayo, lakini radhi haina mwendo wa hasira, inafika imechelewa.

Bingwa alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Aliinua ile plastiki dirishani, akaigeuza upande huu na upande ule. "Hakuna kitu hapa," akasema. Nikamweleza nilichoona: juu, chini, juu, chini, sekunde kumi na nne. Alinisikiliza vizuri, tena akiwa ameweka kalamu chini.

"Nakuamini uliona ulichoona," akaniambia. "Lakini kama ni moyo, mtoto huyu inabidi aende Dar, apewe dawa nyingine, pengine awekewe kifaa. Kama ni kifafa nikamwachisha dawa zake za kifafa, nitamuua mimi. Na kama ni moyo nikamwacha na dawa za kifafa, siku moja ataanguka asiamke. Siwezi kuchagua kwa kukuamini. Niletee kitu nikione."

Alikuwa anaondoka kesho yake saa kumi jioni.

Tukamvalisha binti kile kifaa kidogo cha kurekodi saa ishirini na nne, kinachoning'inia kiunoni kama redio. Nikamwambia afanye mambo yake yote ya kawaida, atembee, apande ngazi, aende uani akapunge upepo. Jioni ile nyumbani nilifua pazia ambazo zilikuwa safi. Nikazianika. Nikazianua zikiwa mbichi nikazifua tena. Kila nilipokaa nilimwona anakimbiza ng'ombe kwenye mpunga, kisha simwoni. Niligundua pia kwamba nimeshika mkono wangu mwenyewe nahesabu mapigo, jambo ambalo nimewahi kumfanyia hata mwuza viazi wa Uyole aliponipa chenji, akadhani namtaka.

Ijumaa asubuhi nikakifungua kifaa. Saa ishirini na nne za vilima vidogo vinavyofuatana. Sitini na nane kwa dakika, sabini na mbili, sitini na tano. Moyo wa mtu aliyelala kwa amani. Nikaenda wodini nikiwa nimekunja uso.

"Ulitembea?"

Binti akamtazama baba yake.

"Nilimwambia alale asijitikise," mzee akasema. "Ni mali ya serikali ile. Nimeshaharibu moja, siwezi kuharibu ya pili."

Hata kwenda kujisaidia alikuwa amekwenda kwa kunyata, ameshikilia kile kifaa kwa mikono miwili kama yai. Sikufoka. Sikuwa na haki ya kufoka. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jengo la kufulia, nikalia kidogo, kisha nikacheka, kisha nikamfuata bingwa kliniki. Nilipita foleni nzima, watu wakanizomea.

"Tumwangushe," nikamwambia.

Alinitazama juu ya miwani yake. Nikasema anaanguka akikimbia, basi akimbie hapa, mbele yetu, nyaya zikiwa mwilini. Bingwa hakusema kwamba nina wazimu. Aliniuliza kama mashine ya kushtua moyo ilikuwa inafanya kazi, akaniuliza tena, akaja kuijaribu mwenyewe. Kisha akamwita mzee na binti, akawaeleza bila kupamba: tutamchosha makusudi ili moyo ukorofike tukiwa tumejiandaa, dawa ziko tayari, mashine iko tayari, lakini hatari ipo.

"Na akianguka akawa haamki?" mzee akauliza.

"Nitafanya kila ninachojua, mzee wangu. Na ninajua mengi. Lakini siwezi kukuahidi."

Mzee akamgeukia binti yake. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, nikitaka kumharakisha, nikajiuma ulimi. Aliyejibu alikuwa binti mwenyewe, kwa Kisukuma kwanza, kisha akatugeuzia sisi Kiswahili: "Nimechoka kuanguka porini peke yangu. Acha nianguke watu wanaona."

Mzee akaambiwa asubiri nje. Nje maana yake ilikuwa upande wa pili wa pazia, kwa sababu chumba changu mlango wake haufungi vizuri na mashine ile ya kushtua ilikuwa imeziba njia.

Tulitumia kile kistuli cha mbao ambacho wagonjwa hukanyagia kupanda kitandani. Binti alipanda, akashuka, akapanda, akashuka, na mimi nilikuwa nimeshika fungu la nyaya pembeni yake kama mtu anayeongoza mbuzi. Bingwa alisimama na mkono juu ya mashine. Muuguzi alikuwa na sindano. Dakika ya kwanza, moyo ukaenda mia. Dakika ya pili, mia na ishirini, vilima vimekaribiana lakini vizuri. Dakika ya nne binti alikuwa anatoka jasho, na Mbeya ile ilikuwa na baridi ya kuvuta sweta. Mia na thelathini. Vilima vizuri. Vizuri kabisa.

"Tupumzike?" muuguzi akauliza.

"Bado," nikasema, ingawa hakuniuliza mimi.

Saa ilikuwa nane na nusu. Niliifikiria ile plastiki. Nilifikiria gari la bingwa linavyotoka getini kuelekea Iringa, na binti anavyorudishwa Usangu na mfuko wa dawa zile zile, na mimi nikiendelea kupasha jeli joto tumboni kwangu kama hakuna kilichotokea. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi, si kwa binti. Nilikuwa siioni hata sura yake. Kikaja kilima kimoja kipana, peke yake. Kikapotea. Kikaja kingine.

"Njoo," nikasema.

Vikaja viwili, kimoja juu, kimoja chini.

"Njoo, njoo. Njoo basi. Njoo!"

Na ikaja. Juu, chini, juu, chini, safi, miguu ya binti ikiwa bado inapanda na mikono yake imetulia kabisa, hakuna mtikisiko wala degedege, moyo peke yake unaopotea njia mbele ya macho yetu. "Hiyo hapo!" nikapiga kelele. "Asante Mungu, hiyo hapo!" Nilikuwa nacheka. Muuguzi alimdaka binti alipolegea, wakamlaza, bingwa akasema kwa sauti ya chini, "Imetosha, imetosha," sijui alikuwa anamwambia nani. Sekunde ishirini na moja. Kidole cha bingwa kilikuwa juu ya kitufe. Kisha vilima vikajipanga tena.

Nilipogeuka, pazia lilikuwa wazi na mzee alikuwa amelishika.

Hakukimbilia kwa binti kwanza. Nadhani hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimfanya baba wa mtu anitazame mimi kwanza. Binti alikuwa ameshafumbua macho, anaomba maji. Bingwa alikuwa anaandika. Mzee akanikaribia akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sista, ulikuwa unaita nini?"

Siku zote alikuwa akiniita mwanangu.

"Baba, nilikuwa..."

"Kule kwetu waliniambia kuna mtu anamwitia mtoto ugonjwa. Kwamba anakaa mahali, anauita, unakuja. Walinitajia mpaka jina la jirani. Mimi nikakataa. Niligombana na ndugu zangu, nikasema hakuna mtu anayeita ugonjwa uje kwa mtoto, nikamleta hapa kwenye mashine." Akaonyesha pazia kwa kidole. "Nimesimama hapo nje nimesikia mtu anauita. Na umekuja."

Ningeweza kumweleza. Nina maneno mengi ya kitaalamu, na bingwa aliinua kichwa tayari kunisaidia. Ningesema nilikuwa naita ushahidi, naita karatasi, naita safari ya Dar. Yote yangekuwa kweli. Lakini nilikuwa najua nilichokuwa nacho kifuani dakika ile. Nilitaka ile karatasi ili binti apone, na niliitaka ili nisiwe mtu aliyemfanya baba yake auchome moto ugonjwa wake. Sikuweza kuvitenganisha viwili hivyo, na sikuwa nimemwangalia binti usoni hata mara moja.

"Nilikuwa nauita, baba," nikasema. "Ni kweli. Niliuita."

Akaitikia kwa kichwa kwa namna ya mtu aliyepewa jibu. Kisha akaenda kwa binti yake, akamfunika kifua kwa koti lake.

Bingwa aliondoka saa kumi na nusu na nakala tatu, ambazo nilizipangia foleni masijala mwenyewe. Binti alikwenda Dar mwezi uliofuata. Siku hizi anameza dawa nyingine kabisa, zile za kifafa ameziacha, na chini ya mfupa wa bega la kushoto ana kifaa kidogo kinachoulinda moyo wake. Amerudi shule, ile ya watu wazima, na hajaanguka tena.

Kila baada ya miezi mitatu wanakuja kwangu kwa kipimo. Mzee ananisalimu kwa heshima zote, ananiuliza habari za nyumbani, aliwahi kuniletea mchele wa Usangu. Ana adabu kuliko mimi. Lakini haniachii binti peke yangu. Anasimama ndani ya pazia, upande wa kichwani, na mara ya kwanza aliposimama hapo alisubiri mpaka nimemaliza kubandika vikombe vyote, ndipo akasema, "Leo usiite, sista."

"Siiti, baba."

Nikabonyeza kitufe. Binti alikuwa ametulia, hakuhitaji kuambiwa. Karatasi ikaanza kutoka na vilima vyake vidogo, na ningekuwa mwongo nikisema sikuvitazama kimoja kimoja nikivitafutia kile kipana, kwa sababu ndivyo macho yangu yalivyo na sina mengine. Niliuma midomo yote miwili. Baba yake hakuitazama karatasi hata kidogo. Aliutazama mdomo wangu mpaka nilipozima mashine.